Kiguzo cha Tisa

Lima, 3 Juni

Mwanangu Wilber,

Benchi yako nimeipima. Nimeipima mpaka ikaomba maji. Wiki nzima nimeiwekea bodi juu, feni zikavuma, kadi ya picha ikapata moto kama jiko la mishikaki, na mafundi wote wa ghorofa ya pili hapa soko la kompyuta la Wilson wakaja kusimama mbele ya kibanda changu, kofia mkononi, wakiuliza, "Don Abundio, hii kaitengeneza nani?" Nami nikawajibu, "Mtoto niliyemshika kwenye maji ya ubatizo."

Uongo mtupu. Boksi sijalifungua. Liko chini ya meza, na paka wa Charo muuza wino wa printa amelala juu yake tangu liliposhuka kwenye basi. Paka wa Lima, katika baridi hii ya manyunyu, haondolewi bila damu kumwagika. Nilichofungua ni barua yako tu, ile uliyoibandika upande wa nje kwa gundi ya viatu. Usinune. Kesho paka anahama.

Kabla hajahama niambie kama nimekuelewa, maana shule mimi niliiacha mapema. Nilipoona herufi zimeingia kwenye hesabu, nikatoka mimi.

Unasema hivi. Hii ni benchi ya kujaribia kompyuta, wazi pande zote, haina kasha. Bodi inalala juu yake hewani kama mgonjwa kwenye kitanda cha daktari, na fundi anafika popote anapotaka bila kufungua skrubu lukuki. Umeichomelea kwa mabomba yaleyale ya viti vya mabasi. Chuo cha ufundi hapo Juliaca kinazitaka za darasa zima, ila mkurugenzi hatii sahihi mpaka mtu wa Wilson aseme ni nzuri. Mtu huyo ndiye mimi, Mungu awahurumie. Nikisema nzuri, unabaki nyumbani na grenda yako. Nikisema mbaya, siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana unapanda lori kwenda mgodini Coriorco, kulekule kaka yako Teofilo alikobaki.

Ndivyo? Kama ndivyo, kijana, umenitwisha. Watu huniletea kompyuta iliyokufa, nami nawaambia imekufa, wanasikitika kidogo, wanakwenda zao. Hakuna aliyewahi kuniletea mume wa mtu nimpime.

Nijibu kwa barua, ndani ya mzigo wa basi kama kawaida. Simu usinipigie. Sikio la kushoto liliuawa na feni, na la kulia linasikia linalotaka. Ujumbe wa simu nasomewa na Charo kwa sauti ya mnada, na ghorofa nzima inacheka kabla mwenyewe sijacheka.

Baba yako wa ubatizo, mwenye suti yenye doa lako,
Abundio Cáceda


Juliaca, 7 Juni

Baba wa ubatizo, shikamoo.

Umenielewa sawasawa. Naomba jambo hili usilitanie.

Hapa nimeijaribu kwa bodi yangu, ile kubwa, na haijasumbua. Lakini bodi ninayo hiyo moja tu, na mwenye bodi moja hawezi kusema amejaribu. Wewe unazo za kila aina. Weka kubwa, weka ndogo, weka mbovu. Nataka ukweli. Wanafunzi wa chuo ni watoto wa wauza viazi na wauza sweta, na bodi zile wazazi wamezichangia. Benchi yangu ikiua hata moja, sitaipaka rangi nyingine nikasema nimerekebisha. Ikiua hata moja, basi mimi si fundi, mimi ni mchimbaji, na wachimbaji mahali pao panajulikana. Rufino mwenye lori nimeshampa neno langu. Begi limefungwa.

Kuna jingine. Mama hasemi nami. Alitaka kuinywesha benchi bia kabla haijapanda basi, kama tunavyofanya kwa kila kitu kipya, nikamkatalia kwa sababu ya kutu. Amesema kitu kinachoondoka nyumbani na kiu hakirudi na heri. Kwa hiyo ukiona kasoro yoyote, usimwandikie yeye. Niandikie mimi.

Paka mwondoe.

Wilber Ccama


Juliaca, 7 Juni

Baba Abundio, shikamoo.

Hii nimeitia ndani ya mfuko wa viazi vikavu, kwa sababu mzigo anaufunga Wilber mwenyewe, na viazi hatavipekua. Kama ni Charo aliyeiona kwanza, Charo, tafadhali, usiisome.

Baba, sema ni nzuri.

Mwaka jana kutoka Coriorco walituletea kofia ya Teofilo na buti moja. Mwenyewe hakutoka. Sasa Wilber analala amekunja magoti mpaka kidevuni, kama mtu aliyebanwa shimoni, na huko bado hajaenda. Mchana anachomelea, anaimba, unaona kabisa kwamba ni mtu wa juani. Lakini akishasema neno lake, ndilo hilo.

Hakuna anayemwamini ila wewe. Padri akimshauri, anasema atafikiri. Mimi nikimshauri, anasema naogopa. Ni kweli naogopa, lakini kuogopa si kukosa akili. Nilimwambia hata benchi ikiwa na kasoro, kasoro hurekebishwa. Akanijibu kwamba marehemu baba yake alisema mlango ukikaa upande mara moja, hukaa upande milele. Baba mkwe alikuwa fundi milango, na milango yote aliyotuachia inakwaruza sakafu.

Sema nzuri, hata kama ni mbaya. Nakupigia magoti hapa jikoni.

Nelida


Lima, 12 Juni

Binti yangu Nelida,

Inuka, jikoni kwenu kuna baridi. Barua yako nimeisoma imelowa. Charo alivimwagia maji viazi vyote bila kupekua, na nilipoichomoa wino ulikuwa umeanza kukimbia. Lakini "sema ni nzuri" limebaki. Maneno mengine ni supu, na supu ilikuwa tamu.

Paka amehama. Nimeshonwa kidole gumba, nyuzi mbili.

Sasa sikiliza. Mumeo ana mikono. Hiyo benchi niliiegemea kwa tumbo langu lote na haikulia. Ile sinia inayobeba bodi inateleza kuingia na kutoka kama droo ya kanisani. Pembe zote amezisugua. Za kiwandani nilizowahi kushika zinakukata utadhani umezitukana. Nikaiwekea bodi kubwa, nikaiacha ikinguruma mchana kutwa, nikaipima joto, ikakaa vizuri. Hapo nina neno moja. Hewa ya Lima ni nzito, unaweza kuila kwa kijiko. Hewa ya kwenu milimani ni nyembamba, na feni inapiga lakini haishiki kitu. Kipimo changu cha joto ni cha hapa pwani. Huko aongeze feni ya ubavuni. Hilo si ugonjwa.

Ugonjwa ni huu. Nikatoa bodi kubwa, nikaweka ndogo. Nikabonyeza swichi. Ikasema "tik", halafu ikaja ile harufu. Harufu ya bodi inayokata roho haifanani na nyingine, ni kitunguu na plastiki na majuto.

Charo akapaza sauti kutoka dukani kwake, "Mzee, umeunguza nini?"

"Ujana wangu," nikamwambia.

"Huo uliungua zamani! Fungua dirisha!"

Nikageuza bodi. Chini ya bodi, juu ya sinia, Wilber amechomelea viguzo tisa, vidogo kama jino la mtoto, ili bodi isiguse chuma. Bodi kubwa ina matundu tisa, kila kiguzo na tundu lake, raha mustarehe. Bodi ndogo haina tundu la tisa. Kiguzo cha tisa kinaichoma tumboni, penye vituta vya risasi ya kulehemu, umeme unapita mahali pasipopita, shoti. Yeye asingeweza kuliona hilo, maana anayo kubwa tu. Ni kosa la mtu mwangalifu mwenye bodi moja.

Kwa hiyo imeua. Moja. Na wewe unajua alivyosema kuhusu moja.

Nimekaa nalo hili tangu asubuhi. Wateja wananisemesha nami naitikia, "Weka hapo." Nikimwambia, anapanda lori. Nisipomwambia, naituma benchi inayoua kwa watoto wa wauza viazi. Basi nimepata njia ya katikati, njia ya wazee wasio na haya. Mimi nitaandika nzuri. Wewe, kuna ile benchi ya pili iliyobaki hapo nyumbani. Chukua msumeno wa chuma, ukate kiguzo cha pembeni, kulia, upande wa chini. Kifute, kipake rangi. Akiuliza, sema ni panya. Panya wa Juliaca wanajulikana.

Kata mapema. Usingoje. Mkono wangu hauipendi barua ninayokwenda kuandika sasa hivi.

Abundio


Lima, 12 Juni

Kwa fundi Wilber Ccama, Juliaca.

Mimi, Abundio Cáceda, fundi wa kompyuta wa Wilson tangu kompyuta zilipokuwa na ukubwa wa friji, nimeipima benchi hii wazi kwa bodi kubwa, ndogo na mbovu. Haitikisiki, haikati, haipati joto la kupita kiasi, nayo inapendeza macho. Huko juu iongezwe feni ya ubavuni kwa sababu ya hewa nyembamba. Zaidi ya hapo sina la kusema.

NI NZURI.

Muhuri ni wa chama cha wenye vibanda, uliogongwa na afisa wa chama mbele yangu.

Mwanangu, fungua begi lako. Soksi zitanuka.

A. Cáceda


Juliaca, 18 Juni

Baba wa ubatizo, shikamoo.

Cheti chako kilifika. Nilikisoma mpaka Nelida akaniambia nitakichakaza. Begi nililifungua. Benchi ya pili nikaipiga rangi upya, nyekundu.

Jana mkurugenzi wa chuo alikuja mwenyewe, na bodi ya chuo imefungwa kwenye kitambaa, mpya kabisa. Majirani wakajaa mlangoni. Mama alikuwa amenisamehe. Alivaa sketi yake ya sikukuu na kofia, na chupa ya bia mkononi, na safari hii sikuweza kumkatalia mbele za watu. Nilimwambia tu, "Mama, nyunyiza chini, si juu." Akasema, "Mimi nilikuwa nanyunyiza kabla hujazaliwa."

Nikaweka bodi. Nikabonyeza swichi. Mama akasema, "Mama Ardhi, pokea, mpe mwanangu kazi ya juani," povu likaruka, na bodi ikazima.

Mkurugenzi akasema, "Mama, umeilewesha." Watu wakacheka. Mimi nilimwambia Mama neno ambalo sitaliandika hapa.

Tangu jana amelala, uso ukutani. Hali chakula. Nikiingia anasema, "Ni mimi niliyekupandisha lori," na mimi natoka, kwa sababu sijui.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Amesema ataleta bodi nyingine baada ya sikukuu, ila Mama akae mbali. Lakini mimi nikifumba macho naona kama taa ya bodi ilizima kwanza, povu likaja baadaye. Sina hakika. Nilikuwa namtazama mkurugenzi.

Wewe uliipima. Niambie ni bia. Kama ni bia, nitabaki, nitamwomba Mama radhi kwa ukali wangu. Kama ni benchi, Rufino anaondoka alfajiri ya tarehe ishirini na tano. Barua yako isipofika kabla ya hapo, nitajua kwamba umeshindwa kusema.

Wilber


Juliaca, 18 Juni

Baba Abundio,

Sikukata.

Nilishika msumeno. Nikaanza, chuma kikalia kama mbuzi anayechinjwa, na Mama Eusebia akaingia, "Binti, unachinja nini humu?" Nikauficha ndani ya sketi. Asubuhi Wilber akaipaka benchi rangi mpya, nikaogopa nikikata tena ataiona alama ya meno ya msumeno na kuniuliza nimejuaje. Nikajiambia huenda bodi ya chuo ni kubwa. Ilipofunguliwa kitambaa nikaona ni ndogo, na watu walikuwa wamejaa, nikamwacha aiweke.

Mimi ndiye niliyesimama ubavuni kwa Mama. Taa ya bodi ilizima chupa bado ina kizibo. Bia yote iliangukia sakafuni. Nilipiga magoti kuipangusa, na juu ya benchi hakukuwa na tone. Hakuna anayejua ila mimi, na sasa wewe.

Nampelekea supu. Ananishika mkono anasema, "Nisamehe, binti yangu, nimekuondolea mume." Nami namwambia, "Kula, Mama." Baba, bakuli lile linanishinda kubeba.

Barua ya kwanza nilijua la kukuomba. Hii sijui.

Nelida


Lima, 22 Juni

Wilber,

Si bia.

Barua yako imefika leo hii. Barabara ilizibwa na waandamanaji kwa mawe na matairi, na mizigo yote ililala njiani. Nakuandikia nimesimama kwenye ofisi ya mabasi, karatasi nimeomba kwa mkata tiketi, na dereva ananitazama kama nadaiwa. Nimemwambia asiporuka mawe nitailaani injini yake. Amesema injini ilishalaaniwa.

Soma mpaka mwisho ndipo uchane.

Benchi yako ina viguzo tisa. Cha pembeni, kulia, upande wa chini, kinachoma tumbo la bodi ndogo. Bodi yangu kiliiua, ya chuo kimeiua. Bodi yako kubwa ina tundu mahali hapo, ndiyo maana imesalimika. Weka kidole utakiona. Nililijua hilo kabla ya kukugongea ule muhuri. Na muhuri wenyewe aliyeugonga ni mlinzi wa choo, maana ndiye anayeutunza.

Nilikudanganya. Wala usimtafute mwingine wa kumlaumu, uongo ni wangu, wa mkono wangu, na kalamu ni hii hii. Nilijiona mjanja. Nilidhani mizani ina sahani mbili, benchi huku, mgodi huku, nami nitaibonyeza kidogo kwa kidole ilalie upande ninaoupenda. Sikumwona mama yako. Sasa amelala uso ukutani kwa kosa la kitu chenye urefu wa chawa. Eusebia! Mwanamke aliyekuwa akinirushia viazi nilipomtania harusini kwake, hali chakula kwa ajili ya ujanja wangu.

Uliandika kwamba ikiua hata moja wewe si fundi. Nisikilize mimi niliyeua bodi nyingi kuliko kutu. Asiyeua hajafanya kazi. Bodi ikifa, fundi huigeuza aone imekufaje. Wewe ukitaka kupanda lori bila hata kuigeuza, hapo ndipo nitakapokubali kwamba si fundi.

Kikate. Kisha ukiwa na nafasi, usichomelee viguzo kabisa. Toboa mfereji kwenye sinia, vitie skrubu, vihame kila bodi inavyotaka. Na umtengenezee mama yako kifuniko. Bati jepesi, linafunika benchi siku ya kunyweshwa, linaondolewa kesho yake. Kasha la kompyuta lilikuwa na kazi hiyo ambayo sisi wa Wilson hatukuwahi kuifikiria. Lilikuwa likiwapokea mama zetu baraka zao.

Dereva anapiga honi. Wilber, sitanii. Nimezeeka nikitania na leo siwezi. Usipande.

Abundio


Juliaca, 28 Juni

Don Abundio,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tano. Nilikuwa tayari juu ya lori, chini ya turubai, kati ya magunia na wenzangu. Nelida alikuja mbio, shali limemwanguka, akanirushia bahasha, lori likaondoka. Nilisoma tukipita viwanda vya matofali. Wenzangu wakauliza, "Nani kafa?" Nikawaambia, "Bado."

Nilikukasirikia kutoka viwanda vya matofali mpaka kizuizi cha forodha. Pale lori likasimama kukaguliwa, nikashuka.

Usijivune. Sikushuka kwa ajili yako, wala kwa ajili ya kiguzo. Nilimkumbuka Mama. Alikuwa amelala siku zote za sikukuu akijilaumu kwa chuma changu, na mimi nilimwacha hivyohivyo nikaondoka, nikijiona mtu wa neno. Rufino aliniita mwoga mbele ya wote. Nilirudi kwa miguu mpaka nikapata pikipiki.

Nilimwambia Mama kila kitu. Alikaa kitandani akauliza, "Kwa hiyo bia yangu haikufanya kitu?" Nikasema haikufanya. Akasema, "Hata tone?" Nikasema hata tone. Alikasirika kuliko alivyokuwa amehuzunika. Ameamka, amekula, anakutafutia viazi vya kukurushia.

Nelida naye akanieleza ya msumeno. Hilo ni letu, si lako.

Kiguzo nimekikata. Nikaenda chuoni, nikamwambia mkurugenzi ni benchi yangu iliyoua bodi yake, si mama yangu. Amesema ataleta nyingine, lakini safari hii hataki cheti cha mtu wa Lima. Ataijaribu yeye mwenyewe. Hakuahidi kitu. Kifuniko Mama anakitaka chenye maua.

Lori la Rufino linashuka mwisho wa Julai, na kupanda tena Agosti, baada ya siku ya Mama Ardhi. Begi sijalifungua, wala sijaliongezea kitu. Lipo pale mlangoni.

Wilber Ccama


Lima, 3 Julai

Wilber, mwanangu, hata kama mimi umeniita "Don" kama mteja,

Hukuniandikia shikamoo. Nimeona. Hata Charo ameona, na yeye hajui hata barua imesema nini. Ananiambia, "Mzee, leo mbona unasoma bahasha tu?" Nimemwambia ina stempu nzuri. Barua za basi hazina stempu. Ameninunulia kikombe cha uji wa shayiri bila kunitania, basi ujue nilivyokuwa.

Nimekikata na mimi hapa kile kiguzo. Cha benchi ile ya kwanza, ya kwako. Nimeweka bodi ndogo, nikabonyeza swichi huku nimegeuza uso kama mtu anayechomwa sindano. Ikawaka. Imewaka tangu juzi. Paka amegundua kwamba sinia ina joto zuri, sasa analala chini ya sinia, viguzo vinane juu yake, na mkia unaning'inia. Mafundi wa ghorofa ya pili wanakuja kweli, bila kofia, lakini wanakuja. Wanacheka paka, kisha wanainama, wanashika pembe, wanaacha kucheka. Siandiki cheti. Nakwambia tu nilichokiona.

Mwambie Eusebia viazi arushe vikavu, vibichi vinaniumiza.

Halafu hilo begi. Limesimama mlangoni, na mlango wenyewe ni wa baba yako, unakwaruza. Kila anayeingia anaanza kwa kuusukuma huku akilitazama begi. Sitakuambia ulifungue. Neno langu limepungua bei sokoni, nalijua. Mkurugenzi ataleta bodi yake au hataleta. Rufino atapiga honi, hilo nalijua hakika, na mimi sikio langu halitasikia kutoka huku.

Ila nina kitu kwako, cha zamani. Siku ya ubatizo wako nilivaa suti ya pekee niliyowahi kununua, ya kijivu, na wewe, padri akiwa bado na maji mkononi, ulinikojolea mguu wa kushoto wote. Mama yako akasema ataifua. Baba yako akaapa mbele ya altare kwamba ikishindikana, utaifua mwenyewe ukikua. Umekua. Suti ipo, kwenye msumari nyuma ya mlango, doa liko palepale na mimi sijawahi kuivaa tena, kwenye harusi yako nilikuja na sweta, unakumbuka.

Njoo uifue. Benchi ya tatu, ile ya viguzo vya kuhama, usiipakie kwenye basi peke yake, panda nayo. Tutaipima wote wawili, wewe ukinishika mkono nisidanganye. Njoo Agosti, wiki ya kwanza, baada ya siku ya Mama Ardhi. Sabuni ninayo.

Abundio